Kipaza sauti hakipazi sauti: priampu ni kitu gani, na gitaa lako lahitaji ipi

"Shikamoo ami. Nauza pikipiki ninunue priampu."

Kijana huyo yuko Wete, Pemba. Alinipigia usiku baada ya isha, na alikuwa anaongea kama mtu aliyekwisha kuamua. Anarekodi gitaa kavu, lile wazee wetu waliloliita galatoni, chumbani kwake. Ana maikrofoni moja ya kondensa na intafesi ndogo ya USB inayoingia kwenye laptopu. Gitaa likitoka, anasema, linakuwa jembamba na nyuma yake kuna mvumo usiokwisha. Kwenye kundi lao la WhatsApp wenziwe wamempa dawa moja: anunue priampu ya nje, yenye valvu (ile taa ya kioo ya redio za zamani), na kompresa, mashine ya kubana sauti, juu yake, sauti itanenepa.

Nilimwambia asiuze kitu usiku ule. Kwanza anirekodie sekunde kumi za kimya. Asipige, asikohoe, asiguse kifundo chochote. Akae na gitaa pajani, arekodi chumba, anitumie.

Nimeona bora jambo hili niliandike kwa kirefu, maana hayuko peke yake. Matangazo ya vifaa vya studio yamejaa kwenye simu zetu. Vijana wa Ng'ambo, wa Kiembesamaki, wa Chake wanaulizana priampu ipi ni bora kabla ya mtu kuwaeleza priampu inafanya kazi gani.

Neno lenyewe linatupoteza

Kwa Kiswahili cha vitabu maikrofoni ni kipaza sauti. Neno hilo hilo tunalitumia kwa zile spika za pembe juu ya msikiti. Za msikitini kweli zinapaza. Maikrofoni haipazi kitu. Ni sikio tu. Ndani yake mna utando mwembamba unaotikiswa na hewa, na mtikiso ule unageuka kuwa umeme, tena umeme mdogo mno. Ukipiga gitaa taratibu kwa vidole, maikrofoni ya kawaida ya dainamiki, ile isiyolishwa umeme, iliyo shibiri moja na nusu mbele yako inatoa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milivolti. Chukua betri ya rimoti ya televisheni, yenye volti 1.5, uigawe mafungu 15,000: fungu moja ndilo gitaa lako.

Kinachopaza ni priampu. Ndiyo mashine ya kwanza kuupokea umeme ule mchanga, na kazi yake ni kuukuza mpaka uweze kutumika na mashine nyengine, ambazo kwenye studio zinataka kama volti 1.2. Watu wakisema vifaa vya nje, wanakusudia priampu, kompresa, ikwalaiza (ya kupunguza au kuongeza besi na sauti nyembamba) na vyengine vinavyokaa kwenye visanduku vyao wenyewe, nje ya kompyuta. Na intafesi ni kile kisanduku kinachougeuza umeme wa sauti kuwa tarakimu ili kompyuta iuelewe. Hapo kijana wa Wete alinyamaza kidogo kwenye simu, nilipomweleza kuwa kila tundu la maikrofoni kwenye intafesi lina priampu nyuma yake. Intafesi yake ina matundu mawili. Pikipiki ilikuwa inauzwa kwa kitu ambacho tayari anacho, tena viwili.

Ifikirie priampu kama pampu ya maji. Nyumba nyingi za mjini zina tangi juu na pampu chini, kwa sababu maji hayapandi yenyewe. Pampu inapandisha kilichomo kisimani. Kisima kikiwa na tope, tope nalo litapanda, na pampu ya bei kubwa italipandisha vizuri zaidi. Haina macho ya kuchagua.

Tusiidharau lakini. Kabla ya mwaka 1925 hapakuwa na kukuza kwa umeme kwenye santuri. Mwimbaji alisimama mbele ya pembe kubwa, na nguvu za koo lake zenyewe ndizo zilizosukuma sindano ichore kwenye nta. Ala za sauti ndogo, gitaa na jamaa zake, zilipotea pale. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi na kampuni ya santuri ya HMV, njia ya maikrofoni na umeme ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu. Ala inayonong'ona ilipata nafasi kwenye santuri kwa sababu ya mashine hii.

Kiasi gani cha kukuza?

Kukuza huku kunapimwa kwa desibeli, na hesabu yake si ngumu. Kila desibeli 20 ni mara 10. Kwa hiyo 40 ni mara 100, na 60 ni mara 1,000.

Maikrofoni ya kondensa ina saketi yake ndogo ndani, inayolishwa volti 48 kupitia kebo ile ile inayobeba sauti, na kwa sababu hiyo hutoa umeme kama mara kumi ya dainamiki. Maana yake inaiomba priampu desibeli 20 pungufu. Kwa gitaa kavu, kondensa kwa kawaida inaridhika na 30 hadi 45. Dainamiki, ukipiga kwa upole, itataka 60 na zaidi. Maikrofoni ya utepe, ambayo utando wake ni ukanda mwembamba wa chuma, itataka zaidi ya hapo.

Hebu tutulie hapa, kwa sababu ndipo lilipo jibu la nusu ya maswali ninayoulizwa. Priampu hutofautiana sana zinaposukumwa mpaka mwisho. Zile ndogo zikifika ukingoni huanza kuchakacha. Lakini kwenye 35 au 40, karibu zote zinazotengenezwa siku hizi ni safi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza priampu gani, tazama kifundo chako cha kukuza sauti kiko wapi. Kama una kondensa na kifundo kiko katikati, priampu haijachoka. Kama una dainamiki au utepe, unapiga udi kwa upole na kifundo kimefika mwisho, hapo una haja ya kweli ya priampu yenye nguvu zaidi.

Sekunde kumi za kimya

Ziliingia saa nne usiku. Nikavaa hedifoni, nikapandisha sauti. Feni ya dari ilisikika, na friji chumba cha pili, pikipiki ikipita barabarani, na chini ya yote mvumo mzito, hmmm, usiobadilika.

Kila priampu ina mchakacho wake, kama mvua ya mbali. Kwenye karatasi ya maelezo huandikwa kama namba hasi ya desibeli, na ikishuka zaidi ndiyo bora: intafesi nyingi za bei nafuu leo ziko kwenye -127 au -128. Kikomo cha maumbile, ambacho hata mashine yenye thamani ya kiwanja haiwezi kukivuka, ni karibu -131. Yaani kwa upande wa mchakacho, baina ya kisanduku cha kijana huyu na priampu bora duniani mna desibeli tatu au nne tu.

Tuilinganishe namba hiyo na chumba. Kwa maikrofoni ya kondensa ya kawaida, mchakacho wa priampu ya -128 ni sawa na sauti iliyo chini ya desibeli sifuri, pahala ambapo sikio la mtu halifiki. Mchakacho wa maikrofoni yenyewe, kwa kondensa ndogo nzuri, ni 13 hadi 16. Chumba kilichotulia usiku ni 30 hivi. Washa feni ya dari, unaweza kufika 40. Tope lote liko kisimani, na kijana anataka kubadilisha pampu.

Ule mvumo nao una asili yake. Umeme wetu hutikisika mara 50 kwa sekunde, na ukivuja kwenye waya za sauti husikika pale kwenye 50 na kwenye mara mbili yake, 100. Hapo kwenye 100, kwa bahati mbaya, ndipo pia tumbo la gitaa linapovuma lenyewe, kwa hiyo mvumo wa waya na mvumo wa mbao vinashikana na huwezi tena kuvitenganisha. Nikamwambia achomoe chaja ya laptopu, arekodi kwa betri. Mvumo ukakatika pale pale. Chaja na kifaa chengine vikiwa kwenye soketi mbili tofauti, umeme hupata njia ya kuzunguka kupitia waya za ardhi, na mzunguko huo huingia kwenye sauti.

Ndiyo maana sishauri mtu wa visiwani kuanza kulundika visanduku. Kila kisanduku cha nje ni plagi moja zaidi kwenye ukuta, waya mmoja zaidi wa ardhi, na kitu kimoja zaidi kitakachozimika umeme ukikatika katikati ya wimbo. Unguja tunalishwa kwa kebo ya chini ya bahari kutoka bara, na Pemba tangu 2010 kutoka Tanga. Waliokuwepo kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokosa umeme wa gridi kwa takriban miezi mitatu, wanajua maana yake. Laptopu yenye betri na intafesi inayojilisha kutoka kwake inaendelea kurekodi mtaa mzima ukiwa gizani, tena friji zote zikiwa zimenyamaza.

Panapopatikana unene bure

Kijana alisema gitaa lake ni jembamba. Nikamuuliza maikrofoni anaiweka wapi. Akasema mita moja hivi, juu ya meza, imeelekea tundu la gitaa.

Kusogea nusu ya masafa kunakupa desibeli 6 zaidi za gitaa bila ya kuongeza hata chembe ya feni. Kutoka mita moja hadi robo mita ni desibeli 12. Hakuna priampu inayoweza kufanya hivyo, kwa sababu priampu ikikuza gitaa inakuza na feni sawasawa. Tena maikrofoni nyingi tunazotumia, zile zinazosikiliza mbele kuliko nyuma, huongeza besi zenyewe zikisogezwa karibu. Unene anaoutafuta kwenye valvu uko hapo.

Ila usiielekeze kwenye tundu. Tundu ni pua ya gitaa. Hewa inayotoka pale ndiyo ule mvumo wa 100, na ukiusikiliza peke yake unapata gitaa linaloguna. Anzia pale shingo inapokutana na tumbo, karibu na freti ya 12, shibiri moja au moja na kidogo. Mwambie mtu apige, wewe vaa hedifoni usogeze maikrofoni asteaste, vidole viwili kulia, vidole viwili kushoto. Utashangaa. Mabadiliko ya vidole viwili ni makubwa kuliko tofauti ya priampu mbili zilizopishana bei mara kumi.

Na nyuzi! Hewa yetu ya chumvi inazila. Nyuzi za chuma zilizokaa wiki sita kwenye nyumba ya pwani zimekwisha kufa, hata kama hazijakatika, na hakuna kifaa cha kuzifufua. Unyevu nao unaelemea mbao. Watengenezaji wa magitaa hupendekeza hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na sisi wakati wa masika tuko juu ya hapo kwa mbali. Hata maikrofoni za kondensa hukohoa unyevu ukiingia kwenye utando, zikawa zinatoa vishindo vidogo vidogo ambavyo watu hudhani ni ubovu wa priampu. Maikrofoni yangu naiweka ndani ya debe lenye kifuniko, pamoja na vipakiti vya silika vinavyonyonya maji. Ukuta wa mawe na chokaa wa Mji Mkongwe ni mnene, unazuia kelele za nje, lakini ndani unarudisha mwangwi. Godoro moja limesimamishwa nyuma ya mpigaji na busati chini vinatosha kuanzia.

Je, priampu zote ni sawa?

La. Kuna koo mbili.

Ukoo wa kwanza unataka kukuza bila ya kuongeza kitu. Millennia HV-3 na Grace Design m101 ni za huko. Ukoo wa pili una rangi. Neve 1073, iliyotoka Uingereza mwaka 1970, ndiyo inayotajwa kuliko zote, na API za Marekani ni jirani zake. Rangi hii inatokana kwa sehemu kubwa na transfoma. Jina tunalijua kutoka kwenye nguzo za mtaani. Ya ndani ya priampu inaenea kwenye kiganja, lakini ni jambo lile lile, waya zilizozungushwa kwenye chuma. Ukiisukuma sana, chuma kinashiba sumaku, na kikishiba kinaongeza visauti vidogo juu ya sauti ya asili. Sikio linaviita unene, au joto.

Rangi ni hiliki kwenye chai. Naipenda, na nikirekodi sauti ya mwimbaji wa taarabu naitafuta. Lakini hiliki haiifanyi chai iliyopikwa kwa maji ya kisima cha chumvi inyweke. Kwa gitaa linalopigwa peke yake, na khasa kwa kanuni, yenye nyuzi zaidi ya sabini na mlio unaoruka ghafla kila kidole kikigusa, mimi nachukua ukoo safi. Kwa gitaa la kuchapa nyuma ya ngoma na sauti za watu, rangi kidogo inalisaidia lisimame.

Kuhusu valvu, tahadhari. Kuna priampu za valvu za kweli, ambazo valvu ndiyo inayokuza, inalishwa volti nyingi, na bei yake inaonyesha. Na kuna visanduku vya bei ndogo vyenye valvu moja inayowaka nyuma ya kioo kwa volti chache, huku kazi ya kukuza ikifanywa na chipu. Ile taa nyekundu haikuzi kitu.

Kuna mara nilimrekodi mpigaji mmoja wimbo ule ule mara mbili, kwanza kwa priampu ya intafesi, kisha kwa ya nje yenye transfoma. Nikasawazisha viwango, maana iliyo juu kwa desibeli moja tu sikio huiita bora bila ya kujua kwa nini. Nikawasikilizisha wenzangu bila ya kuwaambia ipi ni ipi. Walichagua ile ya intafesi. Niliposikiliza tena nikaelewa: mara ya kwanza alikuwa amepiga kwa utulivu zaidi.

Kompresa na wenziwe

Kompresa nayo inaagizwa kama dawa ya kila kitu. Mfikirie mpishi anayechunga jiko la makaa: wali ukitaka kufoka anaondoa makaa, ukitulia anarudisha. Kompresa inachunga sauti hivyo hivyo. Ukiiweka tatu kwa moja, kila desibeli tatu zinazovuka mpaka uliouweka, inapitisha moja tu. Zile mbili zinazosifiwa zaidi, 1176 na LA-2A, ni za miaka ya 1960, wakati ambapo hapakuwa na kompyuta ya kuifanya kazi hii baadaye. Ya kwanza ina haraka, ya pili inatumia taa na kihisi mwanga, ina taratibu.

Leo programu ya kurekodi inakuja na kompresa ndani yake, na unaweza kuijaribu, ukaifuta, ukaijaribu tena. Gitaa lililobanwa na kompresa ya nje wakati wa kurekodi halibanduki. Makaa yakishatolewa na wali ukapoa, umepoa. Mwachie mtu mwenye uzoefu wa miaka abane njiani. Wewe rekodi wazi.

Ikwalaiza ya nje nayo si haja ya mwanzo. Kitufe kimoja kidogo, kinachokata sauti zilizo chini ya mitikiso 80 kwa sekunde, kipo kwenye maikrofoni na priampu nyingi na kinasaidia kuzuia vishindo vya miguu na magari, kwa sababu uzi mzito wa gitaa unaanzia 82. Kwa udi kizime, nyuzi zake za chini hushuka zaidi ya hapo.

Vijana pia huniambia lazima sauti iguse nyekundu ndipo iwe na nguvu. Hiyo ilikuwa hekima ya wakati wa kanda, kwa sababu kanda yenyewe ilikuwa na mchakacho na ulitaka kuupanda juu. Ukirekodi kwa biti 24, acha kilele kifike desibeli -12 kwenye kipimo cha programu, na usiguse nyekundu kabisa. Na zile volti 48 haziui dainamiki iliyofungwa kwa kebo nzima. Za utepe ndizo za kuzichunga: zima kwanza, kisha chomeka.

Ukinunua priampu iliyotumika kutoka Marekani, geuza nyuma yake usome kabla ya kuichomeka. Kule ni volti 120, hapa ni 230. Baadhi zina swichi ya kubadilisha, nyengine zinahitaji transfoma ya kushushia, na kosa hilo hulifanyi mara mbili kwa mashine ile ile.

Siku ya tatu kijana alinitumia sekunde kumi nyengine. Feni imezimwa, friji imechomolewa kwa nusu saa, laptopu iko kwenye betri, godoro limesimama nyuma yake. Nilipandisha sauti mpaka juu na nikasikia nyenje wa nje, na pumzi yake mwenyewe. Kisha akapiga, kwa nyuzi mpya alizoagiza Chake. Lilikuwa gitaa.

"Sasa ami," akaniandikia, "priampu ipi?"

Nimemwambia aongeze maikrofoni ya pili ya kondensa, ndogo, ili alirekodi gitaa kwa sehemu mbili, na tundu la pili la intafesi yake lipate kazi. Baada ya hapo, akianza kurekodi sauti za watu na kifundo kikawa kinafika mwisho, aazime priampu yenye transfoma kwa mwenye nayo, wiki moja, arekodi kazi yake mwenyewe, asawazishe viwango, asikilize asubuhi. Akiisikia tofauti, anunue. Pikipiki abaki nayo.